Mwanahabari Anayehesabu Mabati

Mwanahabari wa mashinani akifika kwenye mradi haanzi kwa kuuliza maswali. Husimama kwanza mbele ya kibao: jina la mradi, mfadhili, mwaka wa fedha, na bahati ikiwepo, kiasi cha pesa. Hukipiga picha, kisha hukinakili kwa kalamu, maana simu huibwa. Halafu huzunguka jengo, akihesabu mabati na kupima kuta kwa kamba. Penye dirisha lisilo na kioo huingiza mkono ahakikishe kweli hakuna. Nimewatazama wanahabari wa mashinani wakifanya hivi huku kwetu Mwala, kuanzia Masii hadi Mbiuni, na kila mara nawastahi zaidi. Wengi wao hulipwa kwa habari iliyochapishwa, hawana mshahara.

Kashfa tumeizoea kama kelele. Mwanasiasa anatupa tuhuma mazishini, mwenzake anamjibu Jumapili kanisani, redio inarusha zote mbili. Kazi hiyo mtu yeyote mwenye kinasa sauti anaiweza. Fundi ni yule anayeichukua tuhuma na kuifanya kitu kinachopimika.

Chukua kashfa ya Anglo Leasing hapa Kenya. Aprili 2004, Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri, aliweka mezani bungeni stakabadhi za kandarasi ya mitambo ya pasipoti. Bei yake ilikuwa euro milioni 31.89, ilhali kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja takriban milioni 6. Anwani ya Anglo Leasing ilikuwa ya Liverpool, Uingereza. Walioifuata hawakukuta kampuni. Mwezi wa Mei serikali ikarudishiwa euro 956,700. Shika kalamu upige hesabu: ni asilimia 3 kamili ya bei ile, ada iliyokuwa imelipwa mapema. Anwani moja na hesabu moja vilisema mengi kuliko hotuba za mwaka mzima. Januari 2006 gazeti la Nation likachapisha maelezo ya John Githongo, aliyekuwa ameteuliwa na Rais Kibaki kupambana na ufisadi, na mwezi uliofuata mawaziri wakaanza kujiuzulu.

Mkono wa aliyebisha hodi Liverpool na wa huyu anayehesabu mabati Mwala ni mkono mmoja. Huyu wetu naye ana ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo Katiba ya 2010 inataka itoke ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Huisoma polepole, kidole kikifuata safu za tarakimu, na akikwama hurudi mwanzo. Humpigia simu anayetajwa, humpa nafasi ya kujibu, na jibu hulichapa hata likimharibia habari.

Kisha huja kazi ninayoiona ngumu kuliko zote: kulisimulia jambo hilo redioni kwa Kikamba, mama anayeuza ndengu sokoni Masii alielewe, bila kupotosha. Pesa zilizoibwa, pesa zinazodaiwa kuibwa na pesa zisizo na stakabadhi ni mambo matatu. Fundi hayachanganyi, hata zikiwa zimebaki dakika mbili taarifa isomwe.

Ukimkuta kijijini kwenu akipima ukuta peke yake, mshikie ncha ya pili ya kamba.