ParB si shanga: kasoro ya mchoro tuliouzoea

Ukifungua slaidi nyingi za baiolojia ya bakteria, utakuta ParB imechorwa kama shanga iliyobandikwa kwenye parS, karibu na pale DNA inapoanza kunakiliwa. Mchoro unapendeza, ila unapotosha.

ParB ina domeni tatu. Ya kati huitambua parS; ya mwisho huunganisha ParB mbili ziwe jozi. Ile ya mwanzo ndiyo inayoonewa: huchorwa kama mkia tu wa kuigusa ParA. Kumbe mwaka 2019 ilionyeshwa kuwa hushika CTP, ndugu yake ATP. Ikiishika ikiwa juu ya parS, jozi hujifunga kama pete kuizunguka DNA, huiachia parS na kuteleza pembeni, ikipisha nyingine.

Sasa jiulize: shanga iliyobandikwa itaelezaje ParB kuenea maelfu ya besi kando ya parS? Haiwezi. Na mtafiti aliyekariri shanga atawaza dawa ya kuzuia kubandika tu, mfuko wa CTP asiuone.

Tuwe wa haki: mchoro unaonyesha mahali vizuri. Lakini kugawana kromosomu ni mwendo. Kwa hiyo ukiuona tena darasani, nyoosha mkono uulize: CTP iko wapi?