Maji na Neno: Kuutazama Mchezo wa Kinjeketile

Kitabu tunachotaka kukitazama mwezi huu ni mchezo uitwao Kinjeketile, uliotungwa na Ebrahim Hussein na kupigwa chapa mwaka 1969. Si kitabu kipya. Vijana wengi wamekisoma katika shule za sekondari, mara nyingi kwa ajili ya mtihani tu, kisha wakakiweka. Lakini vijijini watu wazima hawakijui sana, na baadhi ya waliosikia habari zake husema ya kwamba haimpasi Mkristo kupoteza wakati wake kwa hadithi ya mganga aliyetoka mtoni na dawa. Wasemao hivyo wamemtazama mganga, wasiyatazame maswali yake. Maana swali lililomo humu latuhusu sana sisi tuliofundishwa kwamba kweli itatuweka huru: je, watu wa makabila mengi waweza kufanywa kuwa taifa moja kwa neno ambalo nusu yake si kweli?

Kwanza tukumbuke habari yenyewe. Gavana von Götzen alipokuwa akitawala nchi hii kwa niaba ya Wajerumani, watu wa pwani ya kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya serikali. Malipo yalikuwa madogo mno, hata wengine wakakataa kuyapokea. Juu yao walikaa majumbe na maakida, na viboko havikuwa mbali. Kwa muda huo mashamba yao wenyewe yaliota magugu. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alianza mwaka 1904 kuwagawia watu maji, akisema kwamba risasi za Wazungu zitageuka kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waliing'oa pamba, na vita ikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Lakini dawa yake ilikwisha kuwatangulia wanaomnyonga. Iliwafikia Wangindo, Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wangoni, watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona wala kulisikia jina lake.

Mtungaji anatuonya tangu utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia, bali ni mtu aliyeumbwa na fikira zake. Ni onyo la haki, na yatupasa kulishika. Tusimlaumu kwa kubadili mambo. Tumwulize tu kama aliyoyaumba yana uzito.

Nami nasema yana uzito mwingi. Mchezo unaanza kwa wanawake wawili wakizungumza habari za shida na njaa, na kwa maneno machache yule msomaji asiyejua lolote la utawala wa Wajerumani anaelewa ulivyoingia mpaka jikoni. Hakuna hotuba hapa. Baadaye tunawaona wanaume, kila kabila likiwashuku wenzake, kila mtu akiogopa jirani yake asije akawa mpelelezi. Hapo ndipo Kinjeketile anapopagawa na pepo Hongo, akaingia mtoni, akatoka na maji. Makabila yaliyokuwa yakidharauliana yanaanza kuitana ndugu. Mtungaji ameona jambo ambalo wengi hawakuliona: umoja huu haukuanzia katika maji. Wote walikuwa wamefungwa nira moja ya pamba, wakalipishwa kodi moja, wakapigwa kwa kiboko kile kile. Mkoloni ndiye aliyewafanya kuwa wamoja bila kukusudia, na maji yaliwapa tu ujasiri wa kuungama umoja waliokuwa nao tayari.

Lugha nayo yatupa fundisho la namna hiyo hiyo. Maakida walitoa amri za serikali kwa Kiswahili, na Wajerumani walikitumia katika shule na ofisi zao ili watawale makabila mengi kwa urahisi. Ebrahim Hussein amekitwaa Kiswahili kile kile akaandika habari za walioasi. Sentensi zake ni fupi, na wahusika wake hawahubiri, isipokuwa pale pepo anapowashika. Wako waandishi wengi wa michezo yetu ambao wangefaidika wakijifunza kwake kunyamaza.

Lakini kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni shaka inayomwingia Kinjeketile. Katika maneno ya Hongo mlikuwa na ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia, haukulisikia neno hilo, au umelisikia usilipime. Kinjeketile akisha kutulia analipima, naye anaogopa. Kama tukimfukuza Mjerumani ili tuwe chini ya Sultani wa Unguja, tumepata nini? Na huyo Hongo ni mjumbe wa nani? Tangu hapo anataka kuchelewesha vita, naye rafiki yake Kitunda awafundishe watu kupigana kwanza. Lakini watu hawangoji tena. Neno limekwisha kumtoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, nalo halimsikii. Mtungaji aliandika haya miaka minane tu baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wakati ambapo ilikuwa rahisi zaidi kuandika nyimbo za kushangilia. Yeye aliuliza kama kubadili bwana ndio uhuru. Huo ni ushujaa wa mwandishi.

Sasa nafika mahali ninapotaka kushindana naye kidogo. Katika onyesho la mwisho vita imeshindwa. Kinjeketile na Kitunda wamo gerezani, wamepigwa, na afisa Mjerumani anamtaka Kinjeketile akiri ya kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda pia anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa. Hoja yake ni kwamba akisema hivyo, kesho watawala watawaambia watoto wetu kwamba hata kupigania haki ilikuwa kosa. Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo wakimsifu. Nami namsifu, lakini si kwa moyo wote.

Maana katika neno lake mlikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba watu hawa ni wamoja na hakuna mwenye haki ya kuwatawala kwa nguvu. Hilo lilikuwa kweli, nalo halikuhitaji maji. La pili, kwamba risasi hazitawadhuru. Hilo halikuwa kweli, na kwa ajili yake watu walitembea kifua wazi mbele ya bunduki za mtambo, kama ilivyokuwa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Je, haikuwezekana kusema: maji yalikuwa uongo, lakini vita yetu ilikuwa ya haki? Namkubalia mtungaji kwamba afisa hakuuliza ili ajue kweli. Aliuliza ili apate silaha, na jibu lo lote angeligeuza. Kwake Kinjeketile hakuwa na deni. Lakini Kitunda si afisa. Ni rafiki yake, ndiye aliyewaongoza vijana vitani kwa kuliamini neno lake, na wengi wao hawakurudi. Kwake deni lilikuwapo. Mchezo unampa Kitunda jibu lile lile alilopewa mtesi, kana kwamba wote wawili wameuliza swali moja.

Msomaji wa Biblia atamkumbuka Hanania katika Yeremia sura ya 28, aliyeivunja nira ya mti shingoni mwa nabii mbele ya watu wote, akawaahidi kwamba nira ya Babeli itavunjwa muda si mrefu. Watu walipenda kumsikia. Yeremia naye alitumwa kumwambia kwamba mahali pa nira ya mti imekuja nira ya chuma. Sisemi Kinjeketile ni Hanania, maana Hanania hakuona shaka wala hakuteswa. Wala sisemi kwamba Mjerumani alikuwa fimbo ya Mungu; wamisionari wengine wa zama zile walisema mambo karibu na hayo, nao walikosea sana. Nasema tu kwamba nira ya chuma ilikuja. Majeshi yalichoma nyumba na vyakula kwa makusudi, maafisa wakiona kwamba njaa itawashinda wale ambao risasi hazikuwafikia. Serikali ya Wajerumani yenyewe ilihesabu vifo 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wameona kwamba huenda walikufa watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Katika mchezo njaa hii haionekani. Wale wanawake wawili wa mwanzo hawarudi kutuambia chungu chao kina nini baada ya vita, na hilo naliona kuwa pengo kubwa la kitabu.

Liko na pengo la pili, nalo latugusa sisi wa misioni. Umoja wa Maji Maji haukuwa wa watu wote. Wahehe, waliokuwa wamepigana na Wajerumani kwa ukali chini ya Mkwawa miaka michache kabla, safari hii hawakuingia, na baadhi yao walikuwa upande wa serikali. Askari waliopiga risasi walikuwa Waafrika, weusi kama waliopigwa. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili karibu na Liwale tarehe 14 Agosti 1905, na nyumba za misioni za Nyangao, Masasi na Peramiho ziliharibiwa. Kisha mwaka 1906 wakuu wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea, na wengi wao walibatizwa kabla ya kupanda kwenye kitanzi. Wajukuu wa watu hawa wote, walionyonga kwa amri, walionyongwa, waliokimbilia misioni na waliozichoma, wamekuwa raia wa nchi moja. Wengine wanakaa benchi moja kanisani. Mwalimu Nyerere alipokwenda mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, miaka miwili baada ya TANU kuundwa, aliikumbusha dunia habari ya Maji Maji kuwa ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Alikuwa na haki. Lakini jambo liwezalo kusemwa kwa nguvu mbele ya wageni huenda lisitoshe kusemwa nyumbani kwa Mhehe na Mngoni wakiwa wameketi pamoja.

Ningependa mtungaji angetia ndani ya mchezo wake mtu mmoja tu asiyekunywa maji, awe Mkristo au mtu wa kabila lisiloingia vitani, akaulizwa kwa nini, akajibu. Kinjeketile angepata mshindani wa kweli badala ya umati unaomshangilia na afisa anayemtesa. Hata hivyo sijaona mchezo mwingine wa Kiswahili uliolibeba swali hili kwa uaminifu kama huu, na walimu wenye vikundi vya vijana wasiogope kuucheza katika ukumbi wa shule. Watakaoucheza wasimfanye Kitunda kuwa mwoga, kama nilivyoona wengine wakifanya ili Kinjeketile apate kung'aa. Apewe sauti ya mtu aliyewaacha wenzake porini bila kuzikwa, na anapouliza swali lake la mwisho, ukumbi uachwe kimya kidogo kabla ya jibu.