Mtu, munu, umundu: T ilikwenda wapi?

Panda basi Iringa uelekee Mbeya, kisha uteremke hadi Tukuyu. Mhehe anasema munu, Msafwa umuntu, Mnyakyusa umundu. Kiswahili kina mtu. Wanaisimu huyarudisha yote kwenye mzizi *-ntu, na kinyota hicho ni cha uungwana: kinakiri kwamba hakuna aliyeusikia mzizi huo wala kuukuta umeandikwa. Wenzao wa lugha za Kituruki angalau wana mawe ya Orkhon, Mongolia, yaliyochongwa karne ya 8. Kwetu ushahidi ni vinywa vya watu walio hai.

Kwa nini nt, si nd? Hapa hatupigi kura. Kiswahili hakina ugomvi na nd: tunasema kwenda, kutenda, kupenda. Asili ingekuwa nd, leo tungesema "mndu". Ingekuwa n tupu, tungesema "mnu", maana mwana ameitunza n yake. Kilichobaki ni nt, ambayo Kiswahili huiangusha n yake. Nayo haikuondoka kimyakimya: msikilize mzee wa Mombasa akitamka mt'u, utasikia t ikitoka na pumzi.

Neno moja, hata hivyo, laweza kuwa bahati nasibu. Chukua mbuzi: Kinyakyusa imbene, Kihehe mene. Chukua moyo: indumbula, numbula. Mnyakyusa anapoweka nd au mb, Mhehe ana n au m peke yake, sawasawa na umundu na munu. Lakini itazame numbula vizuri. Mb ya katikati imesalimika, kwa sababu hiyo ilikuwa mb tangu mwanzo. Hapa Kihehe kilimeza t ya nt na p ya mp, si b ya mb. Kwangu, ushahidi huu unashinda orodha ndefu ya maneno yanayofanana.

Kufanana kwenyewe ni mtego. "Kitu" kwa Kihehe ni kinu, na mtu wa pwani atauliza mchi uko wapi. Ndugu halisi wa kinu hicho ni ikindu ya Kinyakyusa.

Hesabu ya namna hii ilifanywa na Carl Meinhof, mchungaji wa Kijerumani, katika kitabu chake cha 1899. Kinyakyusa, alichokiita Konde, kilikuwa miongoni mwa lugha chache alizozipima. Malcolm Guthrie aliyemfuata, mwandishi wa juzuu nne za 1967 hadi 1971, alikipa Kinyakyusa namba M31 na Kihehe G62. Herufi hizo zisikutishe; ni za ramani zaidi kuliko za ukoo.