Umati wa Eliot na Neno Kuzimu

Mfasiri atakayeligeuza kwa Kiswahili shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, la mwaka 1922, hana budi kwanza kulijua kanisa la St Mary Woolnoth, katika mtaa wa mabenki wa London. Eliot analitaja kanisa hilo na saa yake pale anapousawiri umati wa asubuhi uendao kazini. Mtaa wenyewe aliujua vyema, kwani tangu 1917 hadi 1925 aliajiriwa na Lloyds Bank.

Asichokitaja ni kilichokuwamo chini ya kanisa. Kituo cha Bank, zinapokutana njia kadhaa za reli ya chini ya ardhi, kilifunguliwa hapo mwaka 1900. Ili ipatikane nafasi ya kukatia tiketi, kampuni ya reli ilikitwaa chumba cha maziko kilichokuwa chini ya sakafu. Mifupa ikahamishwa, abiria wakaingia. Na umati ule, kama aonyeshavyo Eliot katika maelezo yake mwenyewe, umeazimwa kwa wafu wa Dante.

Hapo ndipo mfasiri wa pwani ashawishikapo kuuita mji ule "mji wa kuzimu". Neno lina uzito, lina mizimu ndani yake (na kina cha mu hakijapata kumsumbua mtunzi). Lakini ni hukumu ya haraka mno. Eliot anauona mji kuwa si wa hakika. Watu wake anawaacha baina ya uhai na mauti, na neno kuzimu linaufunga mlango alioukusudia kuwa wazi. Kuzimu hakurudiwi jioni. Wale hurudi, na kesho huja tena.

Msomaji wa Chole hahitaji kuona treni ili alifahamu hili. Yeye avukaye kwa mashua kwenda Utende kutafuta riziki anawajua wangojao chombo alfajiri: wamejiinamia, hawasemezani, nao ni wazima. Magofu ya kisiwani yamekumbatiwa na mizizi, na hatua chache kutoka hapo mafundi wanaunda majahazi. "Mji wa njozi" ungemtosha msomaji huyo, maana aliye njozini huamka.

Kuzimu kulikuja baadaye. Januari 1941 bomu la Wajerumani lilikipiga kituo kile, likaua makumi ya watu, wakiwamo waliojihifadhi humo. Mfasiri aliweke neno lake akiba kwa usiku huo.