Sindano ya Mama: Mfarishi na Neno katika Kazi za Faith Ringgold

Mengi yameandikwa juu ya Faith Ringgold, mchoraji na mshoni wa Harlem, mjini New York, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki dunia mwezi wa Aprili, 2024. Aghalabu wahakiki humtazama kwa upande wa siasa. Hueleza michoro yake mikali ya miaka ya 1960 juu ya uhasama wa weusi na weupe wa Marekani, na jinsi alivyosimama pamoja na wenziwe mbele ya majumba ya makumbusho kudai nafasi ya wasanii weusi na ya wanawake. Hayo ni kweli, wala sina haja ya kuyakanusha. Lakini upande huo peke yake hautuelezi jambo moja ambalo msomaji wa fasihi hana budi kuliuliza: mtu aliyekuwa amekwisha kuchora kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa nini kati ya mwaka 1980 na 1983 aligeuka akaanza kuandika hadithi juu ya nguo? Mama yake alifariki mwaka 1981. Nadhani jibu limo humo, na makala haya yamekusudiwa kulitafuta.

Yafaa kwanza tuseme mfarishi ni kitu gani, maana katika nchi za joto si chombo cha kila nyumba. Ni nguo ya kujifunikia yenye tabaka mbili, katikati imetiwa pamba au nguo kuukuu, kisha tabaka zote zikashikizwa pamoja kwa mshono wa darizi unaopenya toka juu hata chini. Upande wa juu huwa wa viraka vilivyounganishwa. Wanawake weusi wa Marekani walishona mifarishi tangu zama za utumwa, kwa ajili ya kitanda cha bwana na kwa ajili ya vitanda vyao wenyewe, nao wa kwao ukatoka katika vitambaa vilivyobaki. Katika ukoo wa Ringgold ufundi huo ulishuka kwa mstari unaojulikana majina: Susie Shannon, aliyezaliwa mtumwa, alimfundisha bintiye Betsy Bingham, Betsy alimfundisha mjukuu wake Willi Posey, na Willi Posey, aliyekuwa mshoni na mbunifu wa mavazi mashuhuri katika Harlem, alimfundisha bintiye Faith. Msomaji aone kwamba neno lirudiwalo katika mstari huo ni kufundisha. Kabla ya kuwa sanaa ya kutundikwa ukutani, mfarishi ulikuwa somo.

Naye Ringgold alikuwa mwalimu kwa kazi. Alipotaka kusoma sanaa katika City College ya New York, mwanamke hakuruhusiwa kuifuata shahada hiyo kwa sanaa peke yake, ila kwa njia ya ualimu; basi akapita njia hiyo, akahitimu mwaka 1955, akafundisha katika shule za serikali za mji huo hata mwaka 1973. Baadaye, tangu miaka ya 1980 hata alipostaafu mwaka 2002, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Wako wanaoihesabu miaka ya shule kuwa ni muda uliopotea, kana kwamba ubao na chaki vilimnyima brashi. Mimi sioni hivyo. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba mwanafunzi wake mmoja, aliyekuwa akifundishwa naye kutumia shanga na nguo kwa mfano wa kazi za Afrika, alimwuliza kwa nini vitu hivyo havionekani katika kazi zake mwenyewe. Swali hilo lilimchoma. Muda mfupi baadaye alianza kutengeneza vinyago vya nguo na sanamu laini, na mama yake akawa mshoni wa mavazi yake. Kabla ya hapo, mwaka 1972, alikuwa ameona katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, picha za Kitibeti zilizozungushiwa fremu za nguo, akaziacha fremu za mbao. Fremu mpya zilishonwa na Willi Posey. Hivyo swali la mwanafunzi na sindano ya mama zilimvuta upande mmoja.

Mwaka 1980 mama na binti walifanya pamoja mfarishi wao wa kwanza, Echoes of Harlem, yaani Mwangwi wa Harlem. Ulifanywa kwa ajili ya maonyesho yaliyokusudia kuwakutanisha wachoraji na washoni, na Ringgold hakwenda mbali kumtafuta mshoni wake. Ni kazi ya nyuso 30 za watu wa Harlem, zilizochorwa juu ya kitambaa na kuzungukwa na vipande vya nguo. Nyuso hizo hazitendi neno. Moja yatazama mbele, nyingine pembeni, nyingine kama iliyo katika mawazo. Hakuna hadithi, wala jina la mtu. Jina la mfarishi latwambia kuna mwangwi, bali sauti yenyewe hatuisikii. Nimeuona upungufu huo ukitajwa kuwa dosari ya mwanafunzi aliye mgeni katika ufundi, nami sikubali. Kazi ile haihitaji maneno kwa sababu maneno yalikuwapo chumbani ilipokuwa ikishonwa. Wanawake wawili wakiketi na nguo moja magotini husemezana; habari za mtaa hupita pamoja na uzi, na nguo haina haja ya kuzishika, maadam msemaji yupo.

Mwaka uliofuata msemaji hakuwapo tena. Mwaka 1983 Ringgold alishona Mother's Quilt, Mfarishi wa Mama, na mwaka huo huo akatoa kazi iliyomfanyia jina, Who's Afraid of Aunt Jemima?, yaani Nani Amwogopaye Shangazi Jemima? Ina urefu wa inchi 90 na upana wa inchi 80. Imegawanywa miraba: mingine ya nyuso, mingine ya viraka, na mingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ya hadithi iliyoandikwa kwa mkono juu ya kitambaa.

Sababu inayotajwa siku zote ni kwamba alikuwa ameandika habari za maisha yake na hakupata mchapishaji. Basi akajichapishia mwenyewe kwa nguo. Sababu hiyo ni yake mwenyewe, na kitabu chenyewe kweli hakikutoka hata mwaka 1995. Lakini inatueleza kwa nini aliandika, haitwelezi kwa nini aliandika hivi. Kama haja ilikuwa kusimulia maisha yake, mfarishi wa kwanza ungekuwa wa maisha yake. Sivyo ulivyo. Msimulizi wake si Faith Ringgold, profesa na mchoraji. Ni sauti ya mwanamke wa makamo, mjuzi wa koo za watu, aisemaye lugha ya nyumbani ya Wamarekani weusi bila kuisafisha kwa ajili ya mgeni. Huanza kwa kutaja asili ya Jemima, kwamba babu na bibi yake walijinunulia uhuru kutoka utumwani huko New Orleans; huendelea na ndoa aliyoifunga wazazi wasipopenda, kazi alizofanya, mali aliyorithi, biashara ya chakula aliyoiendesha Harlem, watoto na wakwe. Hivi ndivyo wazee wasimuliavyo, kwanza ukoo, kisha ndoa, kisha mali. Katika kusoma kwangu, sauti hiyo ni ile iliyokuwa ikisikika magotini pa nguo mwaka 1980. Binti alipobaki peke yake na sindano, aliyashona na maneno.

Hapa yafaa neno moja juu ya jina. Kwetu shangazi ni cheo cha heshima katika ukoo. Kule Marekani weupe waliwaita wanawake weusi watu wazima kwa neno la kwao lenye maana hiyo ili wasiwape cheo cha Bibi waliowapa wanawake wao. Aunt Jemima ilikuwa picha ya mpishi mnene mwenye kilemba, iliyouza unga wa chapati tamu kwa zaidi ya miaka mia hata jina hilo lilipoondolewa mwaka 2021. Ringgold hakulitupa jina; alilirudisha kwenye ukoo. Jemima wake ana baba na mama, mume, watoto na akaunti ya fedha. Hiyo ni siasa, ndiyo, lakini ni siasa iliyotendwa kwa njia ya nasaba, na mtu hukumbuka nasaba hasa wakati wa msiba.

Maana hadithi ile yaishia msibani. Jemima na mumewe wafa pamoja kwa ajali ya motokaa, njiani wakati wa mvua. Kifo hicho chaja ghafula, bila dalili yoyote iliyotangulia, na msomaji aliyezoea riwaya zilizopangwa vema atakiona kuwa ni ufundi hafifu. Lakini asome yafuatayo. Mwana wa kiume achukua miili akairudisha Harlem, akaifanyia maziko ya Kiafrika: mama avikwa vazi la Kiafrika, nywele zake zasukwa kwa kauri, baba avikwa shati la dhahabu. Msimulizi asema walionekana wametulia, kama waliofika kwao. Kasi yote iliyokuwamo katika hadithi, ya safari na biashara na fitina za wakwe, hupungua ghafula katika kuwavika maiti. Nguo ndiyo huduma ya mwisho, nayo yaelezwa juu ya nguo, na binti wa mshoni wa mavazi. Sijui mahali pengine katika kazi zake ambapo umbo na maana vimekutana kwa karibu kiasi hiki.

Hizo kauri nazo zina habari yake. Katika karne ya 19 kauri za pwani ya Afrika Mashariki zilipakiwa merikebuni kutoka Unguja zikapelekwa Afrika Magharibi kutumika kama fedha. Kuna na jambo la Kongo. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Ringgold alikuwa ameazima katika michoro yake mtindo wa Wakuba wa Kasai, wa kuugawa mraba katika pembetatu nane. Kwa Wakuba wanaume hufuma nguo ya ukindu wa mti wa rafia, na wanawake huidarizi. Na nguo zilizo bora huonyeshwa hasa siku ya maziko, zikazikwa pamoja na maiti. Sisemi kwamba Ringgold aliyafikiria yote hayo alipomsuka Jemima. Nasema kwamba mraba alioujifunza kwa macho ulikuwa tayari na msiba ndani yake.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kuifikiria kanga. Mfano huo ni wa haki, lakini usichukuliwe mbali. Jina la kanga ni fupi, halina mwenyewe, na hupata maana kwa yule aliyeivaa na yule anayesemwa. Kanga moja yaweza kuwa shukrani nyumba hii na tusi nyumba ya pili. Maneno ya mfarishi wa Ringgold ni marefu, yana msimulizi wake, na hayahami. Tena kanga husomwa mtaani mwenyewe akipita, na mfarishi huu umetundikwa ukutani, mtazamaji amesimama mbali kwa amri ya mlinzi. Hapo naona udhaifu ulio wa kweli. Mwandiko ni mdogo, hadithi ni ndefu, na wengi hutazama nyuso wakaondoka. Kazi iliyotungwa kwa sauti ya nyumbani yapoteza sauti hiyo ikumbini.

Tar Beach ya mwaka 1988, habari za mtoto Cassie anayeruka angani juu ya daraja la George Washington, iliponea chupuchupu kwa kugeuzwa kitabu cha watoto mwaka 1991. Kitabu ni kizuri na kilisomwa sana. Lakini mtoto hakishiki kitambaa.

Katika mfululizo wa Paris, ulioanza mwaka 1991, Ringgold alipata njia nyingine. Msimulizi wake sasa ni Willia Marie, kijana mweusi wa Marekani aliyekwenda Paris kuwa mchoraji, na hadithi huandikwa kama barua kwa shangazi yake huko nyumbani. Jina Willia halikuokotwa njiani. Willi Posey ndiye aliyefuatana na binti yake na wajukuu wake wawili kwenda Ulaya mwaka 1961 kuyaona majumba ya picha, safari iliyokatizwa na habari ya kifo cha mwanawe, kaka yake Faith. Katika Dancing at the Louvre watoto wa kike wanacheza mbele ya picha ya Mona Lisa, na hakuna simu ya msiba inayowarudisha nyumbani.

Lakini ule ninaourudia ni mfarishi wa mwaka huo huo uitwao The Sunflowers Quilting Bee at Arles. Wanawake mashuhuri wa Marekani weusi wamekusanyika katika konde la alizeti, wameshika pamoja mfarishi wa alizeti wanaoushona. Vincent van Gogh amesimama kando na maua yake, wala hakuna anayemwangalia. Wamo Sojourner Truth, Harriet Tubman, Ida B. Wells, Madam C. J. Walker na wengineo. Wote walikuwa wamekwisha kufa Ringgold alipowachora, isipokuwa mmoja, Rosa Parks, aliyeishi hata mwaka 2005. Naye ameshika upindo wa nguo ile ile, na kwa kutazama huwezi kujua ni nani kati yao aliye hai.