Nani Aliyeuchakaza Mji? Nakuru katika Riwaya ya M. G. Vassanji

Mzee anayerejea mji wa utoto wake na kuukuta umechakaa ni mhusika mzoefu katika fasihi. Hata hivyo, ni nadra kwa wahakiki kujiuliza iwapo kilichochakaa ni mji wenyewe au ni macho ya anayerejea. Makala haya yanalichunguza swali hilo katika The In-Between World of Vikram Lall, riwaya iliyotolewa 2003 na kutunukiwa Tuzo ya Giller nchini Kanada mwaka huo huo.

Msimulizi, Vikram Lall, ni mtu mzima aliyekimbilia Kanada baada ya kutajwa miongoni mwa mafisadi wakubwa wa Afrika. Akiwa huko anairejea Nakuru kwa kumbukumbu. Anaanzia 1953, wakati wa Hali ya Hatari: duka la baba yake, dada yake Deepa, rafiki yao Njoroge, na watoto wawili wa Kizungu, Bill na Annie, ambao hatimaye wanauawa. Tangu kifo hicho, Nakuru ya Vikram haikui tena.

Niliisoma riwaya hii kwanza nikiwa mwanafunzi ng'ambo, nami nikaomboleza pamoja na msimulizi. Niliporudi nikaisoma tena Nakuru, maombolezo yale yalinitatiza. Mji huu, ambao reli iliufikia 1900, ulikuwa umetanuka. Na tarehe 1 Desemba 2021 ulipewa hadhi ya jiji. Tena, uchungu wa kupoteza kwao si mali ya aliye ughaibuni peke yake. Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya waliofukuzwa makwao katika Bonde la Ufa walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho papo hapo Nakuru. Kwa watu hao, kurejea nyumbani hakukuwa suala la kumbukumbu bali la usalama na ardhi.

Je, tumlaumu Vassanji? La hasha. Usimulizi wa nafsi ya kwanza umetumika hapa kwa makusudi. Mwandishi hakumkabidhi kumbukumbu hizi mtu asiye na hatia. Amemkabidhi mtu anayeililia nchi ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuifisidi. Kwa hiyo machozi ya Vikram ni ya kweli, lakini pia ni ushahidi dhidi yake. Msomaji anayeyapokea kama huzuni tupu, kama nilivyofanya mimi, ameisoma nusu ya riwaya.

Upungufu uliopo ni kwamba Njoroge tunamjua kwa kinywa cha Vikram tu. Wahenga walinena: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Fasihi ya Kiswahili ina deni la kutusimulia mji huu kwa sauti ya aliyebaki.