Kinyago cha Muzee Foster

"The Masks" ni filamu fupi ya zamani, haina rangi, na inaisha kabla ya nusu saa. Ilionyeshwa Marekani tarehe 20 Machi 1964 katika The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni ambao kila sehemu ina hadithi yake na watu wake. Mwandishi ni Rod Serling. Mwongozaji ni Ida Lupino, mwanamke pekee aliyeongoza sehemu yoyote kati ya 156 za mfululizo ule. Niliionyesha kwa vijana wetu hapa Lobule, nikitafsiri papo hapo kama maVJ wa vibanda vya video kule Arua na Koboko. Tulibishana mpaka giza likaingia.

Kisa ni hiki. Jason Foster, tajiri wa New Orleans, ni mgonjwa na atakufa usiku wa sikukuu ya Mardi Gras. Binti yake Emily amekuja na mume wake na watoto wao wawili wakubwa. Hawakuja kumuuguza, wamekuja kungoja mali. Muzee anawapa vinyago vya sura mbaya: mwoga, mchoyo, mwenye majivuno, mjinga mkatili. Wavae mpaka saa sita usiku. Atakayevua mapema, urithi hana, apewe nauli ya treni tu arudi Boston. Yeye mwenyewe anavaa fuvu. Saa sita inagonga, muzee anakufa, wao wanavua. Kumbe nyuso zao zimekuwa vile vile vinyago! Uso wa muzee peke yake umebaki kama ulivyokuwa, umetulia.

Kazi ya Lupino ni nzuri sana. Nje kuna sherehe, ndani kuna watu wachache wamekaa tu wakingoja saa. Kabla ya vinyago alishatuonyesha kila mtu: Emily anamlalamikia baba anayekufa kuhusu magonjwa yake yeye, na binti yake Paula anatafuta kioo. Ndiyo maana mwisho unaaminika.

Lakini mwisho huo huo mimi naukataa. Vijana wengi walishangilia: wamepata haki yao! Mimi niliuliza, Emily alilelewa na nani? Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Foster hata akiwa anakata roho anajua lugha moja tu na watoto wake: fanya hivi, nikupe. Halafu filamu inamwacha aende na uso safi, kama vile kufa kunamfutia mtu hesabu. Serling amewahukumu wanaongoja mali, aliyeishika mkononi hakumgusa.

Huku kwetu mali si jumba la New Orleans. Ni karatasi ya familia, majina yetu wote chini ya jina la mkubwa mmoja. Ni shamba lililobaki ng'ambo, Congo. Nimesikia maneno haya mara nyingi: "Ukiolewa na yule, shamba usahau." "Ukienda Arua, chakula chako usiulize." Basi kijana anavaa uso wa utii, mwaka baada ya mwaka. Wazee wanasema ndiyo njia ya kushika familia isitawanyike, na kweli vita imetutawanya vya kutosha. Lakini msichana mmoja alisema baada ya filamu: "Mimi changu nimekivaa mpaka nimesahau kukivua." Hakuna aliyecheka. Yeye hangoji mtu afe arithi. Anangoja kula.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, msijitoe. Tangu 2023, msaada wa chakula ulipogawanywa kwa makundi kulingana na unyonge wa familia, watu wamejifunza uso gani wa kuonyesha mezani. Mkiambiwa wakimbizi wanadanganya, ulizeni kwanza kinyago kile kimeletwa na nani.

Itafuteni, muitazame. Nyuso zile za mwisho zikitokea, msiishie kuziogopa. Mgeukeni na muzee pale kitini. Mimi nitaionyesha tena hapa Lobule, na safari hii nitawaomba wazazi wakae mbele.